Mitosisi au meiosisi? Ulinganisho wa dhana za uzazi na urithi zinazochanganywa

Maswali mengi ya biolojia ya sekondari kuhusu uzazi na urithi humweka mwanafunzi mbele ya dhana mbili zinazokaribiana na kumtaka achague moja. Mitosisi au meiosisi? Jeni au aleli? Sifa hii inarithiwa kupitia kromosomu X au kromosomu za kawaida? Anayekariri orodha ya tofauti kumi kwa kila jozi huipoteza orodha hiyo ndani ya chumba cha mtihani, maana orodha haimwonyeshi tofauti ipi ndiyo yenye uzito. Hapa nimeziweka dhana hizo mbilimbili, na kwa kila jozi nimetanguliza ile tofauti inayoamua. Jozi nyepesi nimezipita haraka. Zile zinazowapoteza wengi nimekaa nazo.

Shika swali moja kabla ya yote: kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, ziko ngapi, na kila moja imetoka kwa nani? Karibu kila uchaguzi ulio hapa chini unaamuliwa na swali hilo.

Mitosisi na meiosisi

Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Hesabu hiyo ilipatikana kwa uhakika mwaka 1956 kupitia kazi ya Joe Hin Tjio na Albert Levan. Kwa miongo kadhaa kabla ya hapo iliaminika kwamba ni 48. Kati ya hizo 46, mama ametoa 23 na baba ametoa 23. Kila kromosomu ya mama ina mwenza wake kutoka kwa baba, anayelingana nayo kwa urefu na kwa mpangilio wa jeni, isipokuwa X na Y za mwanamume ambazo hazilingani. Jambo la kuangalia ni hili: wenza hao wanafanya nini seli inapogawanyika?

Katika mitosisi hawana habari na mtu. Kila kromosomu imeshajinakili, hivyo ina nyuzi mbili zinazofanana, kromatidi dada, zilizoshikana kwenye sentromia. Kromosomu zote 46 hujipanga mstari katikati ya seli, kila moja kivyake, kisha kromatidi dada huachana, moja upande huu na nyingine upande ule. Zinapatikana seli mbili zenye kromosomu 46 kila moja, zenye taarifa ileile ya seli mama. Hivyo ndivyo kidonda kinavyoziba na mfupa unavyorefuka.

Meiosisi nayo huanza na kromosomu zilizojinakili, lakini hufanya jambo ambalo kwa kawaida mitosisi haifanyi: kila kromosomu humtafuta mwenza wake, wakakaa sambamba wamegusana, na wakabadilishana vipande. Mgawanyiko wa kwanza huwatenganisha wenza. Wa pili hutenganisha kromatidi dada. Mwisho zinapatikana seli nne zenye kromosomu 23 kila moja.

| | Mitosisi | Meiosisi |
|---|---|---|
| Wenza hukaa pamoja? | Hapana | Ndiyo, kabla ya mgawanyiko wa kwanza |
| Migawanyiko | 1 | 2 |
| Seli zinazopatikana | 2 | 4 |
| Kromosomu kwa kila seli ya binadamu | 46 | 23 |
| Taarifa ya urithi | Ileile ya seli mama | Mchanganyiko mpya |

Ukibaki na mstari mmoja tu wa jedwali hilo kichwani, ubaki na ule wa kwanza, kwa sababu mingine yote inatokana nao.

Sasa uutumie kwenye mchoro. Tuseme umechorewa seli ya mnyama mwenye kromosomu nne tu, mbili ndefu na mbili fupi, na kromosomu ziko katikati ya seli tayari kuvutwa. Ukiziona zimekaa wawiliwawili, ndefu na ndefu mwenzake, fupi na fupi mwenzake, hiyo ni meiosisi, mgawanyiko wa kwanza. Ukiziona zote nne kwenye mstari mmoja, kila moja peke yake, hiyo ni mitosisi. Ukiona mbili tu, ndefu moja na fupi moja, hiyo ni meiosisi ya pili, kwa sababu wenza wameshatengana. Mwanafunzi anayeangalia umbo la jumla la seli hukosea hapa, maana mitosisi na meiosisi ya pili zinafanana sana kwa macho. Anayetafuta wenza hakosei. Na unapohesabu kromosomu, hesabu sentromia. Kromosomu iliyojinakili ina kromatidi mbili lakini sentromia moja, kwa hiyo ni moja.

Majina ya hatua, yaani profesi, metafesi, anafesi na telofesi, yajue, ila yasikumalizie muda. Yanafanana katika migawanyiko yote na hayakusaidii kuchagua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa kutenganisha michakato hii miwili ni nyumbu anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Yai la farasi lina 32, mbegu ya punda ina 31, na nyumbu anaanza maisha na 63. Mwili wake unakua vizuri, mara nyingi imara kuliko wa wazazi wake, kwa sababu mitosisi haihitaji wenza: kila kromosomu kati ya hizo 63 inajinakili na kugawanyika kivyake. Lakini nyumbu huyo, akishakomaa, ni tasa karibu kila mara. Meiosisi yake inakwama pale kromosomu za farasi zinapotafuta wenza wa kulingana nao na kukuta za punda, zenye idadi na mpangilio tofauti. Mnyama mmoja, michakato miwili, mmoja unafaulu na mwingine unashindwa. Aliyeelewa kwa nini nyumbu ni mzima lakini hazai ameshaelewa tofauti yenyewe.

Wenza wanapotengana, kila jozi huamua upande wake bila kutazama jozi nyingine. Kwa jozi 23, michanganyiko inayowezekana katika gameti za mtu mmoja, yaani mbegu au mayai yake, ni 2 mara 2 mara 2, mara 23, yaani 8,388,608, na hapo hatujahesabu vipande vilivyobadilishana. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana, isipokuwa pacha waliotoka katika zaigoti moja, yaani yai moja lililotungishwa.

Kwa binadamu, meiosisi ya mwanamume na ya mwanamke hazifanani, na swali hili hurudi mara kwa mara. Seli moja ya korodani hutoa mbegu nne. Seli moja ya ovari hutoa yai moja kubwa, na kromosomu zilizobaki huenda kwenye vijiseli vidogo vinavyokufa, ili karibu chakula chote kibaki kwenye yai. Muda nao ni tofauti. Mwanamume huanza meiosisi wakati wa balehe na kuendelea. Mwanamke huianza kabla hajazaliwa, akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha inasimama kwa miaka mingi; mgawanyiko wa pili hukamilika pale tu mbegu inapoingia ndani ya yai. Kusimama huko kwa muda mrefu kunahusishwa na ukweli kwamba uwezekano wa wenza kushindwa kutengana huongezeka kadiri umri wa mama unavyoongezeka. Mtoto anapopata kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, anakuwa na hali iitwayo Down syndrome. Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza chanzo hicho mwaka 1959.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kanuni zisizo na mlango wa pembeni: usiandike kwamba kila gameti duniani hutokana na meiosisi. Nyuki dume hutoka kwenye yai ambalo halikutungishwa, ana kromosomu 16 wakati malkia ana 32, na mbegu zake nazo zina 16. Angezigawa nusu kwa nusu asingebaki na seti kamili. Kwa wanyama wengi unaokutana nao darasani, kanuni inasimama.

Uzazi wa kijinsia na uzazi usio wa kijinsia

Wengi huchagua kati ya hizi mbili kwa kuhesabu wazazi: wawili ni wa kijinsia, mmoja si wa kijinsia. Kipimo hicho kina kasoro. Mnjegere unaweza kujichavusha wenyewe, chavua na ovuli vikitoka ua lilelile, na bado huo ni uzazi wa kijinsia kwa sababu kuna gameti mbili zilizotengenezwa na meiosisi na zikaungana. Uliza basi: je, gameti zimeungana? Kama zimeungana, ni wa kijinsia, hata mzazi akiwa mmoja. Kama mtoto ametokana na mitosisi ya sehemu ya mwili wa mzazi, kama kiazi kinachochipua au hidra inayotoa tumba ubavuni, si wa kijinsia. Bakteria hugawanyika kuwa wawili bila mitosisi, kwa kuwa hawana kiini cha seli, nao pia uzazi huo si wa kijinsia.

Faida na hasara zinafuata kutoka hapo. Uzazi usio wa kijinsia ni wa haraka, hauhitaji mwenza, na hutoa watoto wanaofanana na mzazi. Mazingira yakibaki yaleyale, hiyo ni nguvu. Yakibadilika, ni hatari. Migomba mingi inayolimwa kwa ajili ya ndizi zilizoiva ina seti tatu za kromosomu, jumla 33, na seti tatu haziwezi kugawanywa wawiliwawili, kwa hiyo meiosisi inavurugika na tunda halina mbegu. Mmea unaendelezwa kwa machipukizi, vizazi na vizazi vya nakala. Aina ya Gros Michel, iliyotawala biashara ya ndizi duniani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ilishambuliwa na kuvu la udongoni liletalo ugonjwa wa Panama, na kwa kuwa migomba hiyo ilikuwa na jeni zilezile, ulioua mmoja uliweza kuua yote. Nafasi yake ilichukuliwa na Cavendish, ambayo nayo ni nakala, na sasa aina nyingine ya kuvu hilohilo inaiandama.

Uzazi wa kijinsia ni wa polepole na wa gharama, lakini kila mtoto ni mchanganyiko mpya. Baadhi ya viumbe hutumia njia zote mbili. Vidukari wa maeneo yenye baridi huzaana bila madume msimu wa joto, chakula kikiwa tele, kisha majira ya baridi yanapokaribia hutokea madume, na mayai yanayotungishwa ndiyo yanayovuka baridi.

Kwa anayepanda miti, uchaguzi ni wa vitendo. Ukiwa na mti ambao matunda yake yamekuridhisha na unataka hasa sifa zile, chukua kipandikizi au unganisha tawi lake juu ya shina jingine. Ukipanda mbegu, umecheza upya karata za wazazi wawili, na mti utakaopata unaweza kuwa bora au duni. Wanaotafuta aina mpya, zikiwemo zinazostahimili magonjwa, huanza na mbegu. Wanaoeneza aina iliyokwisha kuchaguliwa hutumia vipandikizi.

Uchavushaji na utungisho

Hii ni fupi. Uchavushaji ni safari ya chavua kutoka kwenye chavulio, sehemu ya ua inayotengeneza chavua, hadi kwenye stigma, ncha ya sehemu ya kike inayoipokea, ikibebwa na upepo, mdudu, ndege au maji. Utungisho ni kuungana kwa kiini cha gameti dume na kiini cha yai ndani ya ovuli, baada ya mrija wa chavua kukua kushuka hadi kwenye ovari. Uchavushaji unaweza kutokea na utungisho usitokee, kwa mfano chavua ikitua kwenye stigma ya mmea wa aina nyingine. Katika mimea inayotoa maua utungisho ni maradufu: gameti dume moja huungana na yai kuwa zaigoti, na ya pili huungana na viini viwili vingine kutengeneza akiba ya chakula cha kiinitete. Swali likitaja mdudu au upepo, liko kwenye uchavushaji. Likitaja zaigoti, limeshafika kwenye utungisho.

Jeni na aleli, jenotaipu na fenotaipu

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, na ina mahali pake maalumu kwenye kromosomu. Aleli ni toleo moja la jeni hiyo. Kwa kuwa una kromosomu wenza, una nafasi mbili kwa kila jeni, na kila nafasi ina aleli moja. Zikifanana, wewe ni homozaigasi kwa jeni hiyo. Zikitofautiana, ni heterozaigasi. Kwa hiyo sentensi "ana jeni mbili za rangi ya ua" inasomeka vizuri zaidi ikiwa "ana aleli mbili za jeni ya rangi ya ua", na msahihishaji makini huona tofauti.

Maelezo haya hubaki hewani mpaka uyashike kwenye kitu. Chukua njegere za Gregor Mendel, mtawa aliyefanya majaribio yake Brno kati ya mwaka 1856 na 1863 na kuchapisha matokeo mwaka 1866. Alipounganisha mimea ya mbegu za mviringo na ya mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Alipokiacha kijichavushe, alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu kabisa na tatu kwa moja.

Leo inajulikana kilichomo ndani. Jeni inayohusika ina maelekezo ya kimeng'enya kinachojenga matawi ya wanga. Aleli ya mviringo, tuiite R, inatoa kimeng'enya kinachofanya kazi. Aleli r imeingiliwa na kipande cha DNA katikati yake, na kimeng'enya chake hakifanyi kazi. Mbegu yenye rr hushindwa kugeuza sukari kuwa wanga kama inavyotakiwa. Sukari hurundikana, huvuta maji, mbegu huvimba, na ikikauka ganda hukunjamana. Mbegu yenye Rr ina nakala moja nzima, na nakala hiyo inatosha kuipa umbo la mviringo. Hii ndiyo maana ya aleli tawala na aleli fiche. R haiipigi r vita wala haiifuti. Aleli fiche mara nyingi ni maelekezo yaliyoharibika, na tawala ni yale yanayotosha hata yakiwa peke yake. Tawala pia haina maana ya iliyoenea zaidi katika jamii. Kuna aleli tawala ambazo ni adimu sana.

Jenotaipu, basi, ni aleli ulizonazo: RR, Rr au rr. Fenotaipu ni kinachoonekana au kupimika: mviringo au kunjamano. Swali likikupa fenotaipu tawala, bado hujajua jenotaipu, kwa kuwa RR na Rr zinafanana kwa macho. Ili uchague kati yao, unganisha mmea huo na rr. Mtoto mmoja tu wa kunjamano anatosha kukuambia kwamba mzazi ni Rr.

Tawala kamili, tawala pungufu, tawala-wenza

Hapa ndipo wengi wanapoteza alama. Uchaguzi wa hizi tatu hufanywa kwa kumwangalia mtu mmoja tu: heterozaigasi. Akifanana na mmoja wa homozaigasi, hiyo ni tawala kamili. Akiwa katikati yao, ni tawala pungufu. Akionyesha sifa zote mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikijitegemea, ni tawala-wenza.

Ua la Mirabilis jalapa ni mfano mzuri wa tawala pungufu. Jekundu likiunganishwa na jeupe hutoa la waridi. Mawili ya waridi yakiunganishwa hutoa jekundu 1, waridi 2, jeupe 1. Uwiano huo wa 1:2:1 ni wa jenotaipu na wa fenotaipu vilevile, na unathibitisha kwamba rangi nyekundu na nyeupe hazikuyeyukiana. Zilirudi zikiwa safi katika kizazi kilichofuata.

Makundi ya damu ni mfano wa tawala-wenza, na yana kitu cha ziada. Jeni ni moja, lakini katika jamii kuna aleli tatu kuu: A, B na O. Mtu yeyote anazo mbili tu. Mwenye aleli A na B ana antijeni zote mbili juu ya chembe zake nyekundu za damu, si kitu cha katikati, na kundi lake ni AB. Lakini A na O zikikutana, kundi ni A: hapo ni tawala kamili. Jeni moja inaweza kuwa na mahusiano mawili, kutegemea ni aleli zipi zimekutana. Ndiyo maana baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kupata mtoto wa kundi O, ikiwa mmoja ni AO na mwingine BO, bila shaka yoyote kuhusu mzazi ni nani. Nalisisitiza hili kwa sababu kutolijua kumewahi kuvuruga nyumba.

Kisha kuna selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na hapa hata vitabu havikubaliani, vingine vikiiita fiche na vingine tawala-wenza. Vyote vinasema kweli, kila kimoja kikiangalia mahali pake. Aleli S inatofautiana na ya kawaida, A, kwa badiliko dogo linaloweka asidi amino ya valini mahali pa asidi ya glutamiki katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Ukiangalia ugonjwa, mtu wa AS kwa kawaida haumwi. Mwenye SS anaumwa. Kwa ngazi ya ugonjwa, S ni fiche. Ukiipima damu yenyewe maabara, mtu wa AS ana hemoglobini za aina zote mbili, kila moja ikionekana. Kwa ngazi ya protini, ni tawala-wenza. Na ukiangalia malaria, mtu wa AS ana kinga zaidi dhidi ya malaria kali kuliko mwenye AA, jambo alilolionyesha Anthony Allison mwaka 1954, na ndilo linaloeleza kwa nini aleli hiyo imebaki kwa wingi katika maeneo ambako malaria imekuwepo kwa karne nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, soma swali linakuambia uangalie nini: dalili, au kipimo cha hemoglobini? Jibu linafuata hapo. Hata njegere za Mendel zina jambo hili: kwa umbo la mbegu R ni tawala kamili, lakini punje za wanga za mbegu ya Rr zikitazamwa kwa hadubini huonekana ziko katikati ya zile za RR na rr.

Wazazi wawili wa AS wana uwezekano wa robo moja kupata mtoto wa SS, na robo hiyo ni kwa kila mimba. Wengi hudhani kwamba wakishampata mmoja mwenye ugonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Kila yai na kila mbegu huanza upya. Watoto wote wanne wanaweza kuwa na SS, na wote wanne wanaweza kukosa. Wapendanao wakipima kabla ya kuzaa hujua wanasimama wapi.

Kromosomu ya kawaida au kromosomu X

Kromosomu za kawaida ni zile zisizo X wala Y; mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Ukipewa mchoro wa ukoo, tafuta kwanza baba mwenye sifa na mtoto wake wa kiume mwenye sifa hiyo. Baba humpa mtoto wa kiume Y, hampi X. Kama ni wazi kwamba mtoto ameipata sifa kwa baba na mama hana aleli hiyo, kromosomu X inatoka kwenye hesabu. Kisha tafuta binti mwenye sifa fiche ambaye baba yake hana. Akiwepo, si ya X pia, maana binti hupokea X ya baba, na aleli iliyomo ingeonekana kwa baba aliye na X moja tu.

Upofu wa rangi wa nyekundu na kijani na hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hupita kwenye X, ndiyo maana huwapata wanaume wengi zaidi: mwanamume anahitaji aleli moja, mwanamke anahitaji mbili. Baba mwenye hemofilia huwapa mabinti zake wote aleli hiyo na wanawe wa kiume hawapi. Thomas Hunt Morgan aligundua mtindo huu mwaka 1910 kwa inzi wa matunda mwenye macho meupe. Lakini sifa kuonekana zaidi kwa wanaume peke yake haitoshi kuiita ya X. Homoni nazo huathiri fenotaipu. Ukoo ndio unaoamua.

Jedwali la Punnett au kuzidisha

Kwa jeni moja, chora jedwali la Punnett: gameti za mzazi mmoja juu, za mwingine ubavuni, na watoto ndani ya vyumba. Ni haraka na linaonyesha kila kitu. Kwa jeni mbili, jedwali lina vyumba 16 na bado linafaa ukiwa na muda. Kwa tatu, vyumba ni 64, na hapo zidisha. Mfano: AaBbCc akiunganishwa na aaBbCc, uwezekano wa mtoto wa Aa bb Cc ni ngapi? Aa ni nusu, bb ni robo, Cc ni nusu. Jibu ni 1/16, kwa mstari mmoja wa kazi.

Njia zote mbili zina sharti: jeni ziwe zinagawanyika kila moja kivyake. Zikiwa karibu kwenye kromosomu moja, husafiri pamoja na hesabu hizo hazishiki. Utajuaje? Unganisha AaBb na aabb uhesabu watoto. Zikiwa huru, utapata makundi manne yanayokaribiana. Tuseme badala yake umepata, kati ya watoto 100, AaBb 42, aabb 41, Aabb 8 na aaBb 9. Makundi makubwa ni yale yaliyobeba aleli jinsi zilivyopangana kwenye kromosomu za mzazi, na madogo yametokana na wenza kubadilishana vipande wakati wa meiosisi. Hapo jeni zimeungana, na mabadilishano ni asilimia 17. Ukipata 25, 26, 24 na 25, zidisha bila wasiwasi.